Mathe, Wachina wa Msuko Mmoja na Digrii Ambayo Sina

Wasee, hii si posti ya kuchekesha. Kama ulikuja kwa stori zangu za kawaida za makanga na malandilodi, rudi kesho, zitakuwepo. Leo nataka kuongea kuhusu mtihani, na kuhusu uongo mmoja nimeubeba kwa miaka miwili. Na ili nifike hapo lazima kwanza nipitie Uchina. Nivumilie, itaeleweka.

Mathe anapenda tamthilia za Kichina, zile zimewekwa sauti za Kiswahili. Akifunga kibanda chake cha mboga saa mbili usiku anafika nyumbani, anavua viatu, anaweka miguu juu ya stuli, na hapo humwambii kitu mpaka kipindi kiishe. Anapenda zaidi zile za zamani, za wanaume wamenyolewa kipara mbele halafu nyuma wanaachwa na msuko mmoja mrefu kama kamba.

Jumamosi moja mwezi wa Aprili nilikuwa nimeenda kumuona, tukatazama pamoja. Kwenye televisheni kijiji kizima kilikuwa kimetoka nje. Ngoma zinapigwa, fataki zinalipuka, na kijana mmoja amevalishwa nguo nyekundu na kupandishwa farasi.

Mathe akaniuliza, "Huyu anaoa?"

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Amepita mtihani."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kumbe hata wao." Akainua macho ukutani, pale juu ya televisheni, ambapo kuna picha yangu ya siku nilipoenda chuo, nimeshika barua ya kuitwa kama mtu ameshika hati ya shamba. "Na wewe tutakupigia ngoma mwezi wa Novemba," akasema. "Wajue pia sisi tuna msomi."

Sasa sikiliza. Mimi sina Novemba yoyote.

Nyinyi wenye mnanifuata hapa mnajua niliacha chuo mwaka wa 2023. Nimewaambia mara mia. Nimefanya hadi video nikisema chuo ni upuzi, niliona mwanga, nikatoka nikajitafutie. Mlicheka, mkasambaza. Lakini mathe, ambaye simu yake ni ya kubonyeza na haijui video ni nini, alikuwa anajua niko mwaka wa mwisho. Nilimwambia nimeanza kujilipia karo na pesa ya kontenti, asisumbuke tena. Alifurahi sana. Aliwaambia mpaka wateja.

Kwa hivyo kulikuwa na stori mbili, na zote mbili zilikuwa uongo. Ukweli ni kwamba nilibaki na deni la karo la shilingi 38,000. Bila kulimaliza hupewi kadi ya mtihani. Siku ya karatasi ya kwanza nilisimama nje ya ukumbi nikaangalia wenzangu wakiingia, halafu nikaenda keja nikalala. Muhula uliofuata niliona aibu kurudi. Hakuna mwanga niliona.

Usiku huo wa Aprili sikulala vizuri. Nikaanza kusoma kuhusu wale watu wa msuko, nikidhani natafuta tu kitu cha kutengenezea video. Nikajikuta nimesoma wiki tatu.

Wacha nianze na huo msuko, kwa sababu haukuwa fasheni. Mwaka wa 1644 Wamanchu, watu wa kaskazini mashariki, waliingia Beijing na kuanzisha utawala wa Qing, uliodumu mpaka 1912. Wamanchu walikuwa wachache sana wakilinganishwa na Wahan, ambao ndio wengi wa Uchina. Mwaka wa 1645 wakatoa amri: kila mwanamume Mhan anyoe mbele na asuke nyuma kama Mmanchu. Ukikataa, kichwa kinaenda pamoja na hizo nywele. Watu wengi walikufa kwa sababu hiyo. Ukiona msuko kwenye tamthilia, unaona alama ya kushindwa ambayo baada ya miaka mingi ilikuja kuonekana kawaida.

Lakini upanga hauwezi kukaa kila kijiji ukikusanya ushuru na kuamua kesi za mashamba. Kwa hivyo mwaka wa 1646, vita vikiendelea bado kule kusini, Wamanchu wakafungua mtihani. Ulikuwa mtihani ule ule wa serikali ambao wafalme waliotangulia walikuwa wameutumia kwa karne nyingi. Ujumbe wao kwa wasomi wa Kihan ulikuwa mwepesi: soma, fanya, ukipita tutakupa cheo. Msomi ambaye jana alikuwa anakulaani, leo anakesha na taa akikariri ili umwajiri. Manze, hiyo ni siasa ya hali ya juu. Juu kabisa huko Beijing, kila moja ya zile wizara sita iliwekwa wakuu wawili, Mmanchu mmoja na Mhan mmoja. Wamanchu walikuwa na njia zao za mkato za kupata kazi. Kijana wa Kihan asiye na jina alikuwa na mlango mmoja mkubwa, na mlango huo ulikuwa mtihani.

Na tusiudharau huo mlango. Wakati huo sehemu kubwa ya dunia cheo kilikuwa cha mtoto wa mwenye cheo. Kule Uchina mtoto wa mkulima aliruhusiwa kukaa mtihani mmoja na mtoto wa tajiri. Karatasi zilifunikwa majina. Kwenye mitihani mikubwa makarani walinakili upya kila jibu kwa wino mwekundu, ili msahihishaji asitambue hata mwandiko wa mtu anayemjua. Mwaka wa 1858 kukawa na wizi kwenye mtihani wa Beijing, na mwaka uliofuata mkuu wa watahini, ambaye alikuwa kati ya wakubwa kabisa wa serikali, akakatwa kichwa. Fikiria hiyo.

Kwa kweli haukuwa wa kila mtu. Wanawake hawakuruhusiwa kabisa. Familia za waigizaji na kazi nyingine zilizodharauliwa zilifungiwa nje. Na mtoto wa maskini aliruhusiwa kwa karatasi tu, kwa sababu nani atamlisha miaka kumi na tano akikariri? Vitabu vya lazima vya Confucius na wenzake, ukivihesabu, vilikuwa na herufi zaidi ya 400,000, na ulitakiwa uwe navyo kichwani. Hapo ndipo koo zilipoingia. Koo nyingi zilitenga mashamba ya pamoja, kodi yake ikalipa mwalimu wa vijana wa ukoo. Mmoja akipita, wote wamepata mtu wa kuwasemea mbele ya hakimu wa wilaya.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Mwaka wa 2021 kijijini kwetu walitengeneza harambee chini ya hema la kukodi. Nilikuwa nimefanya mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Machi mwaka huo, ule wa 2020 ulioahirishwa kwa sababu ya korona. Mjomba aliuza ndama. Shosho alitoa noti ya mia mbili aliyokuwa ameikunja mpaka ikawa ndogo kama tembe ya dawa. Mzee wa kanisa akasema kwa kipaza sauti, "Huyu si wa mama yake peke yake, huyu ni wetu." Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyesema kwamba hiyo pia ni deni.

Turudi Uchina. Ngazi zilikuwa hivi. Kwanza mitihani ya wilaya na ya eneo, mpaka upate cheo cha chini, ambacho watu walikiita xiucai. Hicho hakikupi kazi ya serikali, lakini kinakupa heshima. Huwezi kuchapwa viboko ovyo na hakimu, na unaondolewa kazi za lazima za serikali. Halafu kuna mtihani wa mkoa, mara moja kila miaka mitatu, unaopata cheo cha juren. Halafu Beijing, ukipita unakuwa jinshi, na unamalizia mbele ya mfalme mwenyewe kwenye kasri.

Ule wa mkoa ndio ulikuwa noma. Nanjing, kwa mfano, kulikuwa na uwanja wa mtihani wenye vijumba zaidi ya 20,000, vimepangwa mistari kama vibanda vya soko. Kijumba kina mbao mbili. Moja unakalia, nyingine unaandikia, usiku unazipanga pamoja ndio kitanda. Unapekuliwa langoni, unaingia na chakula chako na wino wako, na unakaa humo siku na usiku. Awamu tatu za namna hiyo. Mvua ikinyesha ikalowesha karatasi, hiyo ni shida yako. Na ndio, kulikuwa na mwakenya. Kuna mashati ya hariri yaliyohifadhiwa mpaka leo, ndani yameandikwa vitabu vizima kwa herufi ndogo kama mchanga. Binadamu ni mmoja.

Waliopita mtihani wa mkoa walikuwa wachache sana, mara nyingi mmoja au wawili kwa kila mia. Wengine tisini na nane wanarudi nyumbani wajaribu tena baada ya miaka mitatu. Na tena. Na tena.

Kuna jambo moja lilinichoma hapa. Mtu ambaye hajapita hata ngazi ya kwanza aliitwa tongsheng, yaani mwanafunzi mtoto. Haijalishi umri. Ungeweza kuwa na miaka sitini, una wajukuu, msuko wako umekuwa mweupe, na kwa karatasi za serikali bado wewe ni mtoto. Mtu haachi kuwa mtoto mpaka mtihani useme.

Hiyo hisia naijua. Nina miaka ishirini na mbili, najilipia kodi ya nyumba, nanunua unga. Lakini kwa kila harusi na kila matanga swali ni moja: "Unamaliza lini?" Kama hujamaliza, hujaanza.

Sasa kuna hesabu, na ndio kitu kimoja nataka ukumbuke hata ukisahau mengine yote. Mwaka wa 1700 hivi Uchina ilikuwa na watu wanaokadiriwa kuwa milioni 150. Kufika 1850 walikuwa wamepita milioni 400. Watu waliongezeka zaidi ya maradufu. Nafasi za kupita zilipangwa na serikali kwa idadi maalum kwa kila wilaya na kila mkoa, na hazikuongezeka kwa kasi hiyo hata kidogo. Kwa enzi yote ya Qing, waliofika ngazi ya juu kabisa ya jinshi walikuwa zaidi kidogo ya 26,000. Gawanya na miaka utapata kama watu mia moja kwa mwaka, kwa nchi nzima.

Kwa hivyo kijana wa mwaka wa 1840 angeweza kuwa mkali kuliko babu yake, akasoma zaidi, akalala kidogo zaidi, na bado akafeli pale babu alipita. Mlango haukuwa umepanuliwa, foleni ndiyo ilikuwa ndefu. Lakini unafikiri nani alimwambia hivyo? Matokeo yanabandikwa ukutani, jina lako halipo, na unarudi nyumbani ukijua tatizo ni wewe.

Mmoja wa hao alikuwa Hong Xiuquan. Alizaliwa mwaka wa 1814 kwa familia ya wakulima karibu na Guangzhou, watu wa jamii ya Wahakka. Alikuwa na akili, familia ikamtegemea. Akafeli. Akajaribu tena, akafeli. Mwaka wa 1837 alifeli tena, na safari hii mwili ukakataa. Alibebwa mpaka nyumbani, akalala mgonjwa siku nyingi akiona maono: mzee mwenye ndevu za dhahabu yuko mbinguni, anampa upanga. Mwaka wa 1843 akafeli mara ya nne. Baadaye akasoma vitabu vidogo vya Kikristo alivyokuwa amepewa miaka ya nyuma mjini Guangzhou, akaunganisha na yale maono, na akaamua yeye ni mdogo wake Yesu.

Ni rahisi kucheka. Lakini mwaka wa 1851 alitangaza Ufalme wa Mbinguni wa Taiping, na mwaka wa 1853 jeshi lake likachukua Nanjing, jiji la vile vijumba 20,000. Vita viliendelea mpaka 1864. Makadirio ya kawaida ni kwamba watu milioni 20 au zaidi walikufa, wengi kwa njaa na magonjwa. Hii ni kati ya vita vilivyoua watu wengi zaidi kabla ya karne ya ishirini.

Sisemi mtihani peke yake ndio ulileta hiyo. Kulikuwa na njaa, kulikuwa na uhaba wa ardhi, kulikuwa na aibu ya kushindwa na Waingereza kwenye vita vya kasumba, na Wahakka walikuwa na magomvi yao na majirani. Watu waliomfuata wengi hawakuwahi kushika kalamu. Na pia msinielewe vibaya, Hong si shujaa wangu. Aliingia kasri akajifungia na wake wengi huku watu wake wakifa njaa nje. Ila ona kitu kimoja: alipokuwa mfalme Nanjing, alianzisha mtihani wake mwenyewe, wenye maswali ya dini yake. Mtu alichukia mlango mpaka akapigana vita, halafu akajenga mlango huo huo akakaa yeye kwenye ufunguo.

Na aliyemshinda? Zeng Guofan, mtoto wa familia ya wakulima wa Hunan, aliyepita kule Beijing mwaka wa 1838 baada ya kufeli mara kadhaa. Jeshi lake ndilo lilichukua Nanjing mwaka wa 1864. Wote wawili walitoka shamba, wote wawili walionja kufeli.

Yule ambaye nampenda mimi hakupigana na mtu. Anaitwa Pu Songling, wa mkoa wa Shandong, alizaliwa mwaka wa 1640. Akiwa na miaka kumi na minane, mwaka wa 1658, alipita ngazi ya kwanza akiwa namba moja. Kila mtu alijua huyu anaenda mbali. Halafu mtihani wa mkoa ukamkataa maisha yake yote. Alifundisha watoto wa matajiri nyumbani kwao miongo kadhaa, analala kwa watu. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini ndipo akapewa cheo cha heshima, kama pole.

Lakini usiku aliandika. Alikusanya stori za majini, za mbweha wanaogeuka wanawake, za mizimu wenye huruma kuliko maofisa. Karibu hadithi 500. Ndani yake kuna wanafunzi waliofeli wengi ajabu, na watahini vipofu. Hakuona kitabu chake kikichapishwa. Alikufa mwaka wa 1715, na kikachapishwa mwaka wa 1766. Leo Uchina nzima inajua jina lake. Wale waliopita mtihani mwaka ambao yeye alifeli, taja mmoja.

Hapa ndipo nilikuwa nataka kumaliza, kusema ukweli. Nilikuwa nimeshaandika mwisho: "Mnaona? Pu Songling alikuwa msanii wa kontenti. Digrii ni karatasi." Ingesambaa sana hiyo. Lakini ingekuwa uongo wangu wa tatu. Pu Songling hakuacha mtihani. Aliutaka mpaka uzeeni. Aliishi maskini, na ule umaarufu haukumnunulia hata bakuli moja la mchele. Ukitaka kuwa kama yeye, jua bei.

Na kuna upande mwingine. Serikali ya Qing ikikosa pesa, hasa wakati wa ile vita ya Taiping, iliuza vyeo. Unalipa fedha, unapewa cheo bila kukaa kwenye kijumba hata dakika moja. Kwa hivyo wale waliouchukia mtihani na kusema uondolewe walipaswa kujiuliza nini kinakuja mahali pake. Kama kinachokuja ni "unamjua nani" na "una ngapi", basi mtoto wa mama mboga amepoteza hata ile nafasi yake moja kwa mia. Mimi nimetafuta kazi mjini bila karatasi. Najua swali la kwanza huwa ni nani amekutuma.

Mwishowe waliuondoa. Mwezi wa Septemba 1905 mfalme alitoa amri: mtihani basi, sasa ni shule za kisasa. Miaka zaidi ya elfu moja ya mazoea, imekwisha kwa karatasi moja. Kuna bwana anaitwa Liu Dapeng wa mkoa wa Shanxi, alikuwa amepata cheo cha juren mwaka wa 1894, akawa anafundisha vijana kwa ajili ya mtihani. Aliandika shajara miaka mingi, ndio maana tunamjua. Amri ilipotoka alivunjika moyo kabisa. Kila alichokijua kikawa hakina soko asubuhi moja. Baadaye alikuja kusimamia machimbo ya makaa ya mawe. Na Qing wenyewe hawakukaa. Wasomi walikuwa wamefungwa kwa serikali na kamba ya mtihani, kamba ikakatwa, na mwezi wa Februari 1912 mfalme wa mwisho, mtoto wa miaka sita, akajiuzulu.

Sisi tunajua kidogo kuhusu hiyo. Mwaka wa 2023 watoto wa Kenya walifanya KCPE ya mwisho. Kuna watu wamejenga maisha yao kwa kufundisha mtihani huo, na vyeti vya huo mtihani vingali kwenye makabati ya mama zetu, vimefungwa kwa plastiki. Na hii tabia ya kuchagua watu wa serikali kwa mtihani wa kuandika, Waingereza walipoanza kuitumia kwa watumishi wao miaka ya 1850, mfano wa Uchina ulikuwa unajulikana na ulitajwa kwenye mjadala. Halafu Waingereza wakaja kwetu na mitihani yao. Kwa hivyo kile kijumba cha mbao mbili si kigeni sana. Ukikaa ukumbini, dawati mbali na dawati, namba badala ya jina, unajua kabisa kiko wapi.

Nilipomaliza kusoma, nilichobaki nacho ni kitu kidogo tu. Sichukii mtihani. Kinachonitisha ni nchi kuwa na mlango mmoja, halafu kumwambia kila asiyetosha mlangoni kwamba kosa ni lake. Na kinachonitisha zaidi ni vile nilikubali. Nilikubali mpaka nikaona afadhali nimdanganye mama yangu kuliko kumwambia sikutosha.

Kwa hivyo Jumapili iliyopita nilienda. Sikuwa na hotuba. Alikuwa anakata sukuma, nikakaa kwenye stuli yake, nikasema, "Mama, hakuna Novemba. Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilibaki na deni, nikashindwa kukuambia."

Kisu kikasimama. Akauliza, "Deni la ngapi?"

"Elfu thelathini na nane."

"Elfu thelathini na nane." Alirudia polepole kama mtu anahesabu chenji. "Si ningeuza hiyo televisheni."

"Ndio maana sikukuambia."

Aliendelea kukata sukuma. Alikata nyingi kuliko tungeweza kula. Baada ya muda akauliza, bila kuniangalia, "Na hiyo miaka yote ulikuwa unakula?" Hapo ndipo nililia, siwafichi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo swali.

Hakunisamehe hapo hapo, hii si tamthilia. Siku mbili hakushika simu zangu. Jumatano akanipigia mwenyewe. Alisema mambo matatu. Kwanza, picha haitoki ukutani, kwa sababu barua ile niliipata kweli. Pili, mjomba wa ndama nitampigia mimi mwenyewe, yeye hataniongelea. Tatu, nimtafutie mahali wanasema yule kijana wa farasi alimalizia wapi, kwa sababu siku hizo mbili hakuwasha televisheni na amepitwa.

Mjomba nampigia leo jioni. Naogopa kuliko nilivyoogopa mtihani wowote.

Sijui kama nitarudi chuo. Nikirudi nitawaambia, nisiporudi pia nitawaambia, na safari hii stori itakuwa moja, hapa na nyumbani. Ile video ya "chuo ni upuzi" nimeitoa. Kama kuna mtu uliacha shule kwa sababu yake, nisamehe, na uniandikie tuongee. Na kama kuna mtu kwenu bado anangoja Novemba ambayo haipo, mwambie kabla hajakodi hema.